Kadi yangu ya benki ilikaa kwa mkopeshaji miezi 7 na mume wangu hajui

Jamani nimesita sana kuandika hili, maana mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar na naimba kwaya usharikani, watu wananifahamu. Ila kuna dada mmoja wa jumuiya yetu alikuja nyumbani akaomba nimsimulie tulivyotoka kwenye madeni, nikamsimulia mpaka saa 5 usiku, akasema mwalimu hii iandike na wengine wasome. Basi naandika.

Ilianza na sofa. Sisi ni Walutheri, na jumuiya yetu inasali Jumamosi saa 12 asubuhi kwa kuzunguka nyumba za wanajumuiya. Mwaka 2024 mwanzoni tulisali kwa familia moja ambayo ndo walikuwa wametoka kubadilisha kila kitu, pazia jipya, zulia nene, tv kubwa ukutani, sofa za kona. Mwinjilisti anasoma neno, mimi macho yako kwenye zulia napiga hesabu litakuwa bei gani, na nakumbuka hadi leo kwamba sikusikia hata mstari mmoja siku ile. Kwetu kulikuwa na makochi ya mbao tuliyoanza nayo maisha, mito imebonyea, mmoja una alama ya pasi aliyoweka mtoto. Na zamu yetu ilikuwa ifike baada ya Pasaka.

Nikamwambia mume wangu hatuwezi kupokea watu wa Mungu kwenye makochi haya. Nilisema hivyo hivyo, watu wa Mungu, yaani nikavisha aibu yangu nguo ya ibada. Yeye ni fundi wa friji na AC, kipato chake kinapanda na kushuka, akasema tungoje mwisho wa mwaka. Sikungoja. Nikaenda Keko nikakuta sofa ya kona, kitambaa cha kijivu, milioni 1 na laki 8 baada ya kuomba punguzo. Nilikuwa na akiba ya laki 9, kikoba wakanikopesha laki 4, ikabaki laki 5. Benki nisingepata tena maana mshahara wangu tayari ulikuwa unakatwa mkopo wa kiwanja. Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa mkopeshaji mmoja, kachumba nyuma ya duka la vipodozi. Yule baba hakuuliza maswali mengi, alichukua kadi yangu ya benki, namba ya siri akaiandika kwenye daftari, nikasaini, akanihesabia laki 5. Riba asilimia 30 kwa mwezi. Hiyo ndo kausha damu yenyewe mnayoisikia.

Mume wangu nikamwambia hela yote imetoka kikoba.

Sasa ikawa kila mshahara ukiingia yule baba anatoa mwenyewe, anakata laki 1 na elfu 50 ya riba, iliyobaki naifuata kwenye bahasha kama mtu anayepewa sadaka kwa jasho lake mwenyewe. Deni lenyewe liko palepale laki 5. Miezi 7 nimelipa milioni 1 na elfu 50, na bado nadaiwa laki 5 ile ile. Baadaye nilikuja kujua kuna sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, kwamba mkopeshaji lazima awe na leseni, na kwamba Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Pale hapakuwa na leseni ukutani wala risiti. Ila ukweli hata ningejua siku ile nadhani ningesaini tu, kichwani mwangu kulikuwa na sofa.

Jumuiya ikaja kwetu, sofa bado ina nailoni nikaogopa kuitoa isichafuke. Watu wakasifia. Kila mtu akijisogeza nailoni inalia kwarakwara mpaka kwenye sala.

Mwezi wa 10 mtoto wetu wa pili akaumwa usiku, bima ikagharamia vipimo lakini kuna dawa haikuwemo, elfu 45. Mume wangu simu haina hela, akasema lete kadi nikatoe pale getini. Nikasema nimeiacha shule. Kesho yake akauliza tena, nikasema iko kwenye mkoba mwingine. Siku ya tatu nikasema mashine ya benki imeimeza. Akaniangalia tu, akasema basi Jumatatu tutaenda wote benki waitoe. Hapo nguvu ziliniisha, nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi karibu saa nzima, mimi ndani natetemeka. Aliporudi alikaa kwenye ile sofa, akatoa simu yake akaiweka mezani, akasema mke wangu na mimi nina yangu. Kumbe alikopa kwenye app ya mikopo ya haraka, akachelewa, wakaanza kutuma meseji kwa namba za watu walioko kwenye simu yake kwamba huyu ni mdaiwa sugu. Aliniambia wale watu wa mwanzo waliotumiwa mmoja wapo ni mama yake kule Machame. (Mwezi uliofuata Benki Kuu ikatoa orodha ya app na majukwaa 69 yasiyo na kibali, tukaitafuta hiyo app tukaikuta.) Halafu kulikuwa na simu aliyochukua kwa kulipa kidogo kidogo, na laki 3 aliyoahidi kwenye harusi ya mtu wa kazini kwao kwa sababu walimweka kwenye kamati akaona aibu kuandika chini ya wengine, na laki 3 na nusu ya rafiki yake.

Miaka 11 ya ndoa, tunalala kitanda kimoja, tunasali pamoja usiku, kumbe kila mtu amelala na madeni yake upande wake. Mimi hicho ndo kiliniuma kuliko hela yenyewe.

Hatukuanza na mchungaji, tulienda kwa mama mmoja mzee wa kanisa na mumewe, walimu wastaafu, watu wasio na makuu. Yule mama alitusikiliza akamenya machungwa yote yaliyokuwa kwenye sahani, halafu akasema wanangu, Anania na Safira angalau walikubaliana kudanganya pamoja, nyie hata hilo hamjakubaliana. Kisha akatuambia Biblia inasema wawili watakuwa mwili mmoja, mwili mmoja hauwezi kuwa na mifuko inayofichana. Akatoa daftari kubwa la shule, akatupa kalamu moja. Moja tu, kwa makusudi. Mmoja anasema deni mwingine anaandika. Mimi niliandika ya mume wangu yeye akaandika yangu. Yangu yakafika laki 9 na elfu 85, maana kulikuwa na kitenge cha sare ya kitchen party sijamaliza kulipa elfu 85, yake milioni 1 na elfu 30. Jumla 2,015,000. Kuiona imeandikwa na mkono wa mwenzako ni kitu kingine kabisa.

Wiki ile ile tukauza sofa. Milioni 1 na laki 1, kwa jirani wa mtaa wa pili, wakaibeba mchana watu wanaangalia. Laki 6 na nusu ikaenda kwa yule mkopeshaji, laki 5 yake na riba ya mwezi ule, tulienda wote wawili, mume wangu akasema hesabu mbele yetu, chana na ule ukurasa wenye namba ya siri. Laki 4 ikarudi kikoba. Zikabaki elfu 50, tukanunua unga, mafuta na maharage ya mwezi.

Makochi ya zamani nilikuwa nimeshayagawa, kwa hiyo tulikaa kwenye mkeka miezi 8. Zamu ya jumuiya ikafika tena tukiwa kwenye mkeka na viti vya plastiki vya kuazima. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala. Mume wangu ndo alisoma neno, akachagua Mithali 15:17, chakula cha mboga penye mapendano ni bora kuliko ng'ombe aliyenona pamoja na kuchukiana, akasoma polepole, na chai yetu siku hiyo ilikuwa ya rangi na mihogo. Kuna mama mmoja alininong'oneza sofa vipi tena, nikamwambia tumeuza tulikuwa na deni. Basi. Nilidhani nitakufa kwa aibu, sikufa. Wiki ile ile wanawake wawili wa jumuiya walinitafuta kwa nyakati tofauti, mmoja kadi yake nayo iko kwa mkopeshaji, na mumewe hajui.

Kigumu zaidi kilikuwa michango. Jamani sisi Wakristo tumeifanya harusi kuwa mzigo, kuna send-off, kitchen party, harusi yenyewe, sare, kadi ya single bei yake na ya double bei yake, magrupu ya whatsapp yanaweka majina na ahadi kila asubuhi ukiwa hujalipa unaonekana. Tulikubaliana ndugu wa damu elfu 50, wengine elfu 30, na kama haipo tunasema haipo. Mume wangu alimpigia mwenyekiti wa ile kamati akamwambia nimeahidi laki 3 siwezi, nitatoa elfu 50. Nilikuwa nimekaa pembeni yake naona jasho shingoni. Mwenyekiti akakubali. Lakini kuna ndugu mmoja upande wangu Njombe elfu 50 aliiona dharau, mpaka leo salamu zake ni za kuvuta, na naumia, siwezi kusema siumii.

Kila mwaka Desemba tulikuwa tunapanda Machame na gari la kukodi ili tuonekane tumefika. Desemba ile tulipanda basi. Mama mkwe alitupokea pale njia panda, nikamshika mkono nikasema mama tusamehe kwa zile meseji. Akaniambia mwanangu nilizisoma nikazifuta, nilikuwa nawasubiri mniambie wenyewe, nawaombea kila alfajiri. Tulikula ndizi na nyama kidogo, hakuna aliyeuliza gari liko wapi, au kama waliuliza waliuliza sisi hatupo.

Sasa tunavyoishi. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi watoto wakilala tunaweka simu zote mbili mezani na lile daftari, tunaomba kwanza, kifupi tu, halafu kila mtu anasoma meseji za hela za mwenzake. Sadaka na bahasha ya ahadi vinatoka mwanzo kabla hatujaanza kubishana. Kitu chochote kinachozidi elfu 50 kinasubiri mpaka Ijumaa hiyo, na nimeshaona vingi vikifika Ijumaa havitamaniki tena. Kurasa za maduka ya nguo kule Instagram nimezitoa zote, maana nilikuwa naanza kuzipitia kitandani hata kabla sijasema asante Mungu kwa kuamka.

Sijapona kabisa. Mwezi wa 3 nilinunua kitenge cha elfu 60 nikakificha kwenye kabati la darasani wiki 2, nikifundisha nakiona. Nilikileta mezani Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mume wangu akakishika akasema kizuri, kisha akaniuliza kwa nini ulikificha, nikashindwa kujibu nikalia. Yeye naye aliwahi kubeti mpira, akaweka mkeka wa elfu 10, akausoma mwenyewe kabla sijaufikia.

Deni lililobaki ni la rafiki yake, elfu 80. Na tumenunua mabenchi 2 ya mbao kwa fundi wa hapa mtaani, laki 2 na elfu 80 taslimu, nimeshona mito mwenyewe kwa kile kitenge. Jumamosi hii zamu ni yetu tena, nimeshaloweka maharage, na nikimaliza kuandika hapa naenda kuazima viti vya plastiki maana mabenchi hayatatosha.