Kipandishi cha boti juu ya paa: anza na gari lenyewe

Mtu anayetaka kubeba boti juu ya gari hupenda kuanza na kipandishi, yaani kifaa cha kuiinua boti hadi paani: kama kinavutwa kwa mkono au kwa umeme, na bei yake ni kiasi gani. Mimi naona aanze na paa. Kila gari lina uzito ambao mtengenezaji ameruhusu ubebwe juu likiwa linatembea, nao umeandikwa ndani ya kitabu cha gari. Uzito huo si wa boti peke yake, bali ni wa keria, kipandishi, boti, makasia na kila mkanda uliofungwa huko juu. Chukulia boti ya aluminiamu ya mita tatu na nusu, ambayo kwa kawaida huwa na kilo 60 hadi 80 bila mashine. Ongeza keria ya chuma ya kilo 30 na kipandishi cha umeme cha kilo 40, na tayari unakaribia kilo 150 kabla hujaweka hata ndoo ya dagaa. Yako magari mengi ya kuendesha magurudumu yote manne ambayo paa lake limeruhusiwa kilo 100 au pungufu, na ubabe wa sura yake haubadilishi tarakimu hiyo. Mtumbwi wetu wa mbao, hata ule mdogo, sihitaji kuueleza. Huo ubaki majini.

Hapa ndipo Land Cruiser ya shamba, ile tunayoiita mkonga, inapostahili heshima yake. Paa lake lina mfereji wa chuma ubavuni, na miguu ya keria hushika mfereji huo mahali pengi badala ya kutegemea boliti chache zilizofungwa kwenye bati. Hata hivyo, kiasi kinachofaa kwenye lami si kile kinachofaa kwenye njia ya vumbi yenye makorongo, kwa sababu kila mtikisiko huongeza nguvu inayolikandamiza paa. Ukienda nje ya lami, punguza mzigo kuanzia theluthi moja.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie tela. Kwa mwalo wenye mteremko wa mchanga tela linafaa kabisa, lakini ufuko wa Mwanza kwa sehemu kubwa ni mawe, na njia nyingi zinazoshuka ziwani kati ya mawe hayo hazina nafasi ya kugeuzia gari lenye tela.

Nafasi hiyo ndiyo inayoamua aina ya kipandishi. Kile cha nyuma huivuta boti kwa winchi juu ya roli zilizo ukingoni mwa paa, hivyo kinahitaji uwazi nyuma ya gari usiopungua urefu wa boti. Cha ubavuni hushusha mikono yake kando ya gari, huinua boti ikiwa imelala kwa urefu, kisha huigeuza kifudifudi juu ya keria. Kinafaa mahali ambapo nyuma pana jiwe au mti, na hata gari likiwa na tela nyuma. Kasoro yake ni kwamba kwa muda uzito wote huning'inia upande mmoja, kwa hiyo hakitumiki gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko, na mteremko ndio tulio nao. Kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu ya uzito wa hicho cha ubavuni, mimi napendelea cha nyuma chenye winchi ya mkono. Mota ya volti 12 ni raha siku ya kwanza, lakini siku itakapogoma, fundi wa kuchomelea wa mtaani hatakuwa na la kuifanya, ilhali bomba, roli na winchi ya mkono anaweza kuvitengeneza mchana mmoja.

Usilipe zaidi kwa sababu tu kifaa kimesifiwa kustahimili chumvi ya bahari. Ziwa Victoria ni maji baridi. Adui wetu ni vumbi na mitikisiko inayolegeza nati, kwa hiyo dai nati za kujifunga, weka mpira kila mahali chuma kinapogusana na aluminiamu, na ukague boliti zote baada ya kilomita chache za mwanzo.

Jambo la mwisho la kupima ni upepo. Mchana, hasa alasiri, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na boti iliyoinuliwa nusu huupokea kama tanga. Asubuhi kazi hii ni nyepesi zaidi. Barabarani boti ilale kifudifudi, ifungwe kwa mikanda miwili ya kukazia inayozunguka keria, tena omo (mbele ya boti) na tezi (nyuma yake) zifungwe kwa kamba hadi kwenye ndoano za fremu ya gari, si kwenye bampa la plastiki. Kamba ya omo ndiyo inayozuia upepo wa mbele usiing'oe boti pamoja na keria. Anayeelekea Sengerema kupitia Daraja la Kigongo–Busisi akumbuke pia kwamba kwa kilomita tatu hivi juu ya maji hakuna kilima wala mti wa kumkinga na upepo wa ubavuni; apunguze mwendo. Mashine ya boti isipandishwe paani kamwe. Ya nguvu za farasi 15 yenye stroki mbili huwa na takriban kilo 36, na mahali pake ni sakafuni nyuma ya viti, ikiwa imefungwa na petroli yake imemwagwa kwenye dumu.