Gapi Mjane wa Kibokoni

Mwanzoni mwa mwaka 2009 shangazi yangu alikuwa akikaa eda katika nyumba ya marehemu mumewe, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayajatoka, basi baba akaniambia niende nikakae naye. Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Kwa hivyo kazi za nje zilikuwa zangu: Marikiti, dukani, kufungua mlango wageni wanapokuja kumpa mkono wa tanzia, na usiku kulala chumba cha pili ili nyumba isiwe tupu.

Nilihama na nguo zangu na tangi langu la samaki. Mwenye mkokoteni alilipakia likiwa tupu kutoka Tudor, nami nikafuata nyuma nimebeba mfuko wa nailoni wenye gapi wawili, nimeufunika kwa leso jua lisiwachome. Nilikuwa nimewanunua kwa kijana mmoja wa Majengo aliyekuwa akizalisha samaki wa mapambo nyuma ya nyumba yao. Dume alikuwa mdogo, mkia wake mwekundu wenye ukingo wa buluu, hatulii. Jike alikuwa karibu mara mbili yake kwa ukubwa, rangi ya kijivu, na mkiani alikuwa na manjano kidogo tu. Yule kijana alinipa pia fungu la majani ya maji, yale yenye vitawi vyembamba yanayoelea bila kupandwa, akaniambia nisiyapunguze hata yakijaa nusu ya tangi. Kati ya yote aliyonipa siku ile, nayashukuru majani yale kuliko samaki wenyewe.

Nilihofia kwamba Shangazi ataniona nimeleta mchezo katika nyumba ya msiba. Aliniangalia nikilipanga tangi ukumbini, mbali na dirisha la jua, akauliza swali moja tu: "Wanakula viluwiluwi hawa?" Nikamwambia ndicho chakula wanachokipenda zaidi. Hapo akakaa kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza tangu maziko nikamsikia akieleza jambo kwa kirefu. Mumewe alikuwa mtu wa Lamu, na katika nyumba ya wakwe zake kulikuwa na birika la kuogea lililojengwa kwa mawe na chokaa. Chini kabisa, sakafuni mwa birika, walikuwa wamezamisha bakuli la kaure. Maji yakipungua au birika likioshwa, visamaki walikimbilia ndani ya lile bakuli na kusalimika, halafu birika likijazwa tena wanarudi kazini kula viluwiluwi. Akasema alipofika pale akiwa bibi harusi alidhani bakuli limeanguka kwa bahati mbaya, akataka kuliokoa.

Maji ndiyo yaliyonipa wasiwasi. Ya mfereji, yale yanayotoka mbali kule Mzima, Tsavo, hutiwa klorini, na klorini huunguza matamvua ya samaki. Ni lazima ukae nayo kwenye ndoo wazi mpaka kesho yake, na hayo ni siku mfereji unapotoa kitu. Uwani kwa Shangazi kulikuwa na kisima. Maji yake yana chumvichumvi, chai yake hainyweki, na ukiyafulia sabuni haitoki povu, kwa sababu kisiwa chote cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe na maji huinywa ile chokaa humo chini. Watu huyaona maji mabaya. Kwa gapi ni maji ya heshima: hupenda maji mazito yenye madini, na hata chumvi kidogo wanaistahimili. Nikawa nateka ndoo moja, naiweka kivulini ukumbini mpaka joto lake lilingane na la tangi, kisha nabadilisha kiasi cha robo kila wiki. Chujio langu lilikuwa sifongo iliyounganishwa na pampu ndogo ya hewa. Hita sikuwa nayo, na wakati wa kaskazi Mombasa hakuna anayeihitaji.

Haukupita muda mrefu, dume akafa. Tulimkuta asubuhi amelala chini, rangi zimemwisha. Gapi si samaki wa umri mrefu, na huyu nilimpata akiwa amekwisha kukomaa. Nilimtoa, nikasema nitakwenda Majengo kutafuta mwingine.

"Ngoja kwanza," Shangazi akasema. "Mwache huyu naye akae eda yake."

Alisema kwa dhati kabisa, nami sikubishana. Tangu siku ile akamwita "mjane mwenzangu". Alimhamishia mkeka wake karibu, akawa anavuta uradi wake pale, na kila akimaliza humtilia punje za chakula kwa ncha ya kidole. Hakuna samaki mwingine aliyeingia katika tangi lile. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu baadaye lilileta ubishi.

Tumbo la jike likaanza kukua. Nyuma ya tumbo, karibu na pezi la chini, gapi jike ana doa jeusi, na mimba ikikomaa doa lile hupanuka na kukoza. Hawatagi mayai; huzaa watoto wakiwa hai, na katika maji ya joto kama yetu mimba huchukua wiki 3 hadi 4. Tumbo lilipofikia kuwa na pembe kwa mbele badala ya kuwa mviringo, nilijua siku zimekaribia. Kuna wanaomtoa mama na kumtia katika kijisanduku cha kuzalia. Sikupenda. Samaki mwenye mimba pevu akisumbuliwa huweza kuzuia uzazi au kutoa watoto kabla ya wakati. Tuliyaacha majani yajae, tukamlisha mama vizuri kila jioni, maana gapi hula watoto wake mwenyewe, na mwenye njaa huwala zaidi.

Shangazi ndiye aliyemuona. Alikuwa ameamka kabla ya alfajiri kuswali, akaja kunigonga mlango: "Inuka, mwanangu. Mzazi huyu!"

Tuliwasha taa ya ukumbi tu, tukakaa mbali kidogo. Mama alikuwa chini ya majani, anatetemeka mwili, kisha kitu kidogo kinachomoka kimejikunja. Kinazama kidogo, kinajikunjua, kinapiga mkia, kinakimbilia majanini. Kila mmoja alikuwa na urefu wa punje ya mchele, na ndani ya kile kimwili kisicho na rangi yaliyoonekana ni macho mawili. Hakuna anayemfundisha. Anazaliwa anajua kuogelea, anajua kujificha, na siku hiyo hiyo anakula. Mama aligeuka mara mbili tatu kumfuata mmoja, mtoto akaingia baina ya vitawi, mama akabaki nje. Hapo nikaelewa kwa nini yule kijana alinisisitizia majani.

Shangazi hakutaka kutegemea majani peke yake. Alileta chujio la chai na beseni jeupe, akawa anamchota mmoja mmoja polepole, yeye mwanamke aliyekuwa siku nyingi hata chai yake anaiacha ipoe. Adhana ikatoka, tukaswali, tukarudi. Kulipopambazuka beseni lilikuwa na watoto thelathini na kitu.

Akanyosha mgongo, akasema: "Mjane mwenye mimba, akizaa eda yake imekwisha. Huyu amenitangulia."

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na ratiba. Kiini cha yai la kuchemsha, kimekamuliwa katika kitambaa, kiasi cha kichwa cha pini, kwa sababu kikizidi kinaoza na kuchafua maji. Viluwiluwi wachanga kutoka ndoo iliyoachwa uwani makusudi. Chakula cha dukani kimesagwa baina ya vidole mpaka kiwe vumbi. Kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Tumbo la kitoto ni dogo na linataka kitu kila mara. Tulitia na majani beseni mle, kwani juu yake huota vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo watoto huvidonoa kutwa. Beseni lilipokuwa dogo kwao tukawahamishia katika sufuria kuu la pilau lililokuwa limepumzika tangu arubaini.

Mchana mmoja stima zilipotea kuanzia saa sita, na jua la kaskazi limesimama juu ya mapaa. Maji yakipata joto hewa iliyomo hupungua, na pampu ikinyamaza samaki hupanda juu kutafuta pumzi. Mama alikuwa ameshaanza. Basi Shangazi akachukua kikombe, mimi kikombe, tukawa tunachota maji ya tangi na kuyamimina tena kutoka juu ili yaingie hewa, kwa zamu, mpaka stima zikarudi baada ya magharibi. Wageni wawili walitukuta hivyo. Walipewa vikombe nao.

Watoto walipokaribia mwezi mmoja, wengine walianza kubadilika: pezi la chini ya tumbo likawa jembamba na kuchongoka, na mkiani rangi ikachungulia. Hao ni madume. Wasipotengwa mapema huwapanda dada zao wangali wadogo, na mfugaji hupoteza njia ya kuchagua nani azae na nani. Nilipomweleza Shangazi alishtuka: "Ndugu kwa ndugu? Hapana! Watenge leo hii." Akavaa miwani, akakaa na chujio lake mpaka sufuria likawa la wasichana na beseni likawa la wavulana. Macho yake yalikuwa makali kuliko yangu, alimtambua dume siku kadhaa kabla sijamuona mimi.

Na katika siku zile zile za kutenga, jike wetu akazaa tena.

Hili lilimkalisha Shangazi kitako. Uzazi wa kwanza aliufahamu vizuri: dume alikufa ameacha mimba, na hekima mojawapo ya eda ni hiyo hiyo, kujua tumbo lina nini. "Lakini hii ya pili?" akauliza. "Ile alikwisha kuizaa. Mume hakuja. Hawa wanawe, siku mimba inaingia walikuwa hata mikia hawana, na wako kwenye sufuria." Jirani mmoja akadai nimeingiza dume usiku. Mwingine akasema samaki wengine hugeuka jinsia. Shangazi akala kiapo kwamba ameliangalia tangi lile kutwa na kucha na halijaingia kitu.

Nilikwenda saiba karibu na Makadara, shilingi kwa dakika, nikarudi na maelezo niliyoyanakili kwa kalamu. Gapi jike hutunza mbegu za dume ndani ya mwili wake, katika mikunjo ya mfuko wa mayai, na kuzitumia uzazi baada ya uzazi, hata dume awe hayupo duniani. Nilimsomea pia asili yao: maji matamu ya Venezuela, Trinidad na nchi jirani, mtaalamu wa Berlin, Wilhelm Peters, aliyewaeleza mwaka 1859, na Robert Guppy aliyepeleka samaki hao London kutoka Trinidad, wakaitwa kwa jina lake mwaka 1866. Ya Berlin na London aliyapitisha. Alinirudisha kwenye mbegu.

"Zinakaa muda gani?"

"Miezi kadhaa. Wameandika hata 8."

Akahesabu. "Karibu mara mbili ya eda yangu." Kisha akasema, "Basi alimwachia amana, naye anaitoa kidogo kidogo."

Usiku ule alizungumza juu ya mumewe mpaka saa tano: jahazi alilokuwa na hisa, deni alilolilipa bila kumwambia mtu, jinsi alivyokuwa akimletea halua kila Alhamisi. Wageni walikuwa wamekuja kwa wingi tangu mwanzo, na maneno yao yalikuwa mema, lakini mimi niliyekuwa ndani nashuhudia kwamba ni yule jike wa kijivu aliyemfungua kinywa.

Uzazi wa tatu ulikuja na watoto wachache zaidi, kama ilivyo mbegu zinapopungua. Kufikia hapo tulikuwa na madume wetu wenyewe, na Shangazi akamchagua mmoja mwenye mkia mwekundu usio na doa, akasema siku akipatiwa wake wa nje, wasio dada zake, wawe watatu, kwa sababu dume mmoja kwa jike mmoja humchosha kwa kumfukuza kutwa. Mama hakuwekewa mume.

Eda ilipokwisha, baada ya kuoga na kusomewa, mahali pa kwanza alipokwenda ni nyumba ya pili tu, kwa yule jirani aliyenituhumu. Nilimbebea ndoo. Ndani mlikuwa na gapi wa kutosha birika la uwani kwake, ambalo viluwiluwi walikuwa wakichezea juu. Tuliwamimina, nao hawakusubiri. Jirani akashukuru, akauliza wanakula nini siku ambazo viluwiluwi hawapo, Shangazi akamjibu. Akauliza iwapo aendelee kutia Jik, ile dawa ya klorini, humo kila Ijumaa kama desturi yake.

"Usithubutu," Shangazi akasema. "Na ukiliosha, niite kwanza. Nina bakuli la kukupa."