Basi ilikuwa inachemsha ikipanda Kericho, kumbe ni feni

Hii basi hufanya njia ya Kisumu na Nakuru, injini iko mbele, na mimi ndiye huiangalia ikilala Nakuru. Tabia yake ilikuwa hivi: Kisumu, Ahero mpaka Awasi mshale wa temperecha umetulia kabisa na joto lote lile la huko chini, lakini ikianza kupanda Kapsoit kuelekea Kericho imejaa watu na mizigo mshale unapanda nayo, dereva anaegesha kando, makanga anatafuta maji, abiria wananuna. Kila mtu alikuwa na dawa yake, huyu anasema toa thermostati (vali inayofungulia maji ya injini yaende kupozwa), yule anasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua, mwenye gari ashapigiwa hesabu ya kufungua injini.

Mimi nikakataa. Gasketi ikiungua maji kawaida hupungua hata kwa tambarare, na ukiwasha injini ikiwa baridi na kifuniko cha rejeta (kile kipoza maji ya injini) kiko wazi utaona mapovu yasiyoisha. Hapa hakuna. Gari ikichemsha mlimani tu, mimi huanza na hewa: uko gia ndogo, injini inavuta kwa nguvu zote, upepo wa mbio hakuna, kazi yote ni ya feni. Halafu dereva akaropoka tu ati siku hizi gari imetulia, haina ule mngurumo ikipanda, na yeye alikuwa anafurahia! Ule mngurumo ndio feni ikishika.

Feni yenyewe ina klachi katikati yenye mafuta mazito ya silikoni, na mbele kuna springi ndogo inayosikia joto la hewa ya rejeta. Joto likizidi, springi inafungua njia, mafuta yanaingia, feni inashikwa izunguke na injini.

Tukangoja ipoe, nikatoa waya wa betri na ufunguo nikauweka mfukoni mwangu (mwangu, si wa makanga). Nikazungusha feni kwa mkono ikaenda tu yenyewe, na klachi nzima inafaa ikukazie kidogo. Kupiga tochi, naona mstari mweusi wa mafuta umetoka katikati ya klachi ukashika vumbi mpaka nje. Nikashika ncha ya panga la feni nikaisukuma mbele na nyuma, ikacheza, kumaanisha beringi nayo imekwisha. Klachi ikatoka yote, ikaingia nyingine. Mapanga niliyafuta moja moja nikiangalia nyufa pale shinani, na hapo sibembelezi mtu, panga likipinda au kupasuka silinyooshi wala silichomelei, feni inabadilishwa, kwa sababu likikatika kwa mwendo ule linaingia rejeta moja kwa moja.

Lakini uchafu ndio ulinishangaza. Ukiangalia kwa mbele rejeta inaonekana safi, sasa legeza intakula (kipoza hewa ya turbo, kinakaa mbele ya rejeta) uone katikati yake na rejeta: vumbi, majani makavu ya miwa na wale wadudu wa ziwani, vimeshikana kama blanketi. Tuliosha kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume na hewa inavyopita, maji ya presha ndogo, ile presha kubwa ya kuoshea magari inalaza mapezi, yale mabati membamba ya rejeta.

Kava ya feni pia ilikuwa imekosa bolti chini, tukaikaza isikaribie mapanga.

Ikapanda Kericho imejaa, mshale haukusonga. Sasa ikilala hapa naangalia mkanda, nacheza na feni kidogo, na kiangazi intakula inalegezwa hata kama hakuna aliyelalamika.