Kichri na karhi kwa wageni wasiokula sufuria moja

Nimechoshwa na watu wanaodhani chakula cha Kihindi ni biriani na sambusa tu. Nimesoma Vadodara, kule Gujarat, nikapanga chumba mtaani, na nawaambia: ukibisha hodi nyumba ya Wagujarati jioni, aghalabu hukuti biriani. Utakuta kichri (mchele na choroko zilizopikwa pamoja), karhi (mchuzi wa mtindi na unga wa dengu), papadi iliyochomwa juu ya moto wa gesi na achari ya embe pembeni. Ni chakula cha aliyerudi kazini hoi, cha mgonjwa, cha mtoto, cha siku mvua inaponyesha tangu asubuhi. Ndicho nilichopika siku nilipowaalika watu wangu wote kwa mpigo, mvua za mwanzo zilipoingia mwishoni mwa Juni.

Kazi ilikuwa wageni. Ghorofa ya chini walikaa mume na mke Wajaini, yaani wafuasi wa dini ya Kijaini ya huko India. Hawa hawali nyama, samaki wala mayai, na pia hawali kitunguu, saumu, viazi, karoti, hata tangawizi mbichi, maana ni vitu vya kung'olewa ardhini. Tena jua likizama, kinywa kimefungwa mpaka kesho. Mwenye nyumba, mama wa makamo tuliyemwita Masi, alikuwa Mhindu asiyegusa nyama. Mwenzangu wa darasani alikuwa Mpunjabi, ambaye kwake chakula kisicho na kitunguu ni adhabu. Halafu kulikuwa na Wazanzibari wawili, nao wakisikia mchele na choroko wanauliza papa mkavu yuko wapi.

Kila mtu akanishauri. Mpunjabi: pika sufuria tatu. Mzanzibari mmoja: tia tui la nazi, nani atachukia nazi? Mwingine, msomi wa famasia, ndiye aliyeniponza kwenye karhi. Alinipa maelekezo kama anayesoma karatasi ya dawa: mtindi uwe mbichi wa leo leo, moto uwe mkali ichemke upesi, unga wa dengu utiwe mwisho. Nikayafuata neno kwa neno, wiki moja kabla ya karamu, nashukuru. Mtindi ulipoona moto ukaanza kutetemeka pembeni, mara ukakatika: juu maji ya kijanijani, chini punje nyeupe, kama mtoto mchanga aliyecheua. Nilipomimina unga ukafanya mabonge yanayoelea, ukiyapasua ndani makavu. Msomi hakutaharuki. Akasema tuchuje. Tukachuja kwa chujio la chai, likaziba. Tukachuja kwa kitambaa, tukabaki na maji machachu na donge ambalo Mpunjabi alilitazama akasema labda tulikaange. Nilimpakulia mshauri wangu sahani iliyojaa nikakaa mbele yake mpaka akamaliza.

Masi aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifunza, na tangu siku ile karhi yangu haijakatika.

Kwanza mtindi uwe wa juzi, ukae nje ya friji mpaka uchachuke kweli. Karhi isiyo na uchachu ni uji. Pili, unga wa dengu unaingia wakati mtindi ungali baridi: vijiko viwili vya chakula kwa kikombe cha mtindi, unapekecha kwa kipekecho mpaka hakuna bonge, ndipo unatia maji vikombe viwili au vitatu. Protini za maziwa zikikutana na ukali na moto hukimbilia kushikana. Wanga wa dengu uliokwisha kutangulia unazizuia. Tatu, moto mdogo, na upawa hautoki mkononi mpaka ichemke mara ya kwanza. Simu ikilia, ilie. Ikishachemka unaweza kuiacha itokote polepole. Chumvi Masi aliitia mwisho, na kipande cha sukari guru, maana karhi ya Kigujarati ni nyepesi, nyeupe na ina utamu kidogo. Ile ya njano, nzito, yenye bhajia ndani ni ya Kipunjabi, na mwenzangu hakuacha kunikumbusha.

Kuhusu Wajaini nilikwenda kuuliza mwenyewe, sikubahatisha. Mke akaniambia tangawizi kavu ya unga wanakula, manjano makavu vilevile. Wako wanaoshika zaidi, hawachanganyi mtindi mbichi na kitu cha jamii ya dengu mpaka mtindi upashwe moto kwanza. Yeye alisema nyumbani kwao hawafiki huko. Niliondoka nimepumua.

Kichri kwa mtu wa Pwani haina siri, ni mseto usio na nazi. Choroko zilizopaazwa na mchele sawa kwa sawa, manjano, chumvi, samli, maji mara nne. Msitie basmati! Hapa ndipo wengi wanajionyesha na kuharibu. Kichri inataka mchele mdogo wa bei nafuu unaokubali kulainika. Kule nilitumia Kolam. Mambo mengine mnayajua, na sufuria ya presha itawapigia filimbi.

Sasa sikilizeni ujanja wangu, huu sikufundishwa na mtu. Karhi hukamilishwa kwa samli ya moto yenye viungo, wao wanaiita vaghar. Nikapika sufuria moja ya karhi kwa wote, nikaitilia vaghar safi: haradali mpaka zidatuke, jira, uwatu kidogo sana (ukizidi unakuwa mchungu), mdalasini, karafuu nilizotoka nazo nyumbani, pilipili kavu, mvuje na majani ya mchuzi. Mvuje ukigusa samli, asiyeona anaapa kuna kitunguu. Halafu kwenye kikaango kingine, mbali kabisa na upawa wa wageni wa chini, nikakaanga saumu na pilipili mpaka zikawa kahawia, nikaweka kwenye kibakuli chenye kijiko chake. Mwenye kutaka ajimwagie sahanini. Sufuria tatu za Mpunjabi zimekufa hapo hapo. Gharama yote ilikuwa rupia mia chache, na iliyokula nyingi ni samli.

Jua la Juni kule huzama karibu saa moja na nusu, kwa hiyo saa kumi na mbili sahani zilikuwa chini. Wajaini wakala bila kutazama saa. Walipokuwa wanamalizia maji yao, sisi Waislamu tukawa tunanyanyuka kwenda kuswali magharibi, na Masi akasema hajawahi kuona karamu iliyopangika hivi. Mimi nilinyamaza kwa unyenyekevu usio wangu.

Tuliporudi ubishi ukazuka. Mzanzibari akadai mseto ndio mama na kichri ni mtoto. Nikamtolea Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331: alipokwenda India aliandika kwamba watu hupika choroko na mchele, wakatia samli, wakafungulia kinywa kila siku. Mzanzibari akajibu kuwa hiyo yaonyesha tu kwamba Wahindi hawakuwa na papa mkavu.

Kichri ikibaki msiimwage. Asubuhi Masi huichanganya na unga wa ngano, pilipili na manjano, akasukuma kama chapati nyembamba na kuchoma kwa samli. Ni tamu kuliko ilivyokuwa jana. Karhi iliyobaki ipasheni kwa moto mdogo huku mkiikoroga.

Mpunjabi alipakua mara tatu, akamaliza kibakuli cha saumu peke yake, kisha akiwa mlangoni anavaa viatu akasema bado ilihitaji bhajia. Nilimwambia akapike kwao.