Mota ya geti kwa shilingi 1,800,000: nilivyochagua hapa Entebbe

Ukiingia duka la mota za mageti mjini Kampala, jambo la kwanza unaloulizwa ni una shilingi ngapi. Kwangu mimi cha kwanza ni geti lenyewe: lina uzito gani, na linateleza vipi kwenye reli yake. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yaliyonipa mota nzuri kwa bajeti ya shilingi 1,800,000, ujira wa mafundi ukiwa humo humo.

Mota yetu ya zamani ilikufa kwa radi. Entebbe imezungukwa na ziwa pande karibu zote, na msimu wa mvua ngurumo ni za kila siku. Fundi alipofungua kasha, upande mmoja wa bodi ya umeme inayoiongoza mota ulikuwa mweusi na kapasita imevimba juu. Pembeni yake palikuwa na mayai mawili ya mjusi, meupe, yamekaa juu ya waya, na udongo laini wa sisimizi umejaa hadi kwenye swichi za kusimamishia geti. Gia ya ndani, ile ya plastiki ngumu, meno yake yalikuwa yamelika. Bodi ingeweza kuagizwa, lakini bodi mpya juu ya gia iliyochakaa ni kutupa pesa, kwa hiyo tukakubaliana kubadilisha mota nzima.

Duka la kwanza liliniandikia mota ya kilo 1,000, yaani inayoweza kusukuma geti la uzito huo, kwa jumla ya shilingi 2,900,000. Nilipouliza kwa nini kilo 1,000, nikaambiwa, "Mageti ya huku ni mazito, mama." Nikarudi nyumbani na futi ya kupimia. Geti letu lina upana wa mita 4 na urefu wa kwenda juu mita 2.2, yaani mita za mraba 8.8. Bati la chuma la unene wa milimita 1 lina uzito wa kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba. La kwetu ni milimita 1.5, hivyo bati lote ni kama kilo 104. Fremu ni mabomba ya mraba ya milimita 50 kwa 50 yenye unene wa milimita 2, ambayo kila mita moja ni takribani kilo 3. Nilipojumlisha mabomba yote nikapata mita 30, nazo ni kilo 90. Ukiongeza maua ya chuma, magurudumu na reli ya meno, ile iliyofungwa kwenye geti ambayo gia ya mota huisukuma, tunafika kilo 230 hivi. Mota ya kilo 500 ingelisukuma geti hilo na kubaki na nguvu ya ziada zaidi ya nusu. Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Inahitaji futi, kalamu na mtu wa kukushikia ncha ya pili.

Uzito lakini ni nusu ya habari. Jirani yangu ni mwanajeshi mstaafu, sote tunamwita Afande, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kifupi na kilichonyooka. Alinikuta napiga hesabu akasema, "Binti yangu, hilo geti linalia kama tela bovu. Livute kwanza kwa mizani." Akaleta mizani yake ya kuning'iniza, ile ya ndoano wanayopimia samaki. Tukalegeza mota kwa ufunguo wake ili geti liwe huru, tukafunga kamba kwenye fremu, Afande akavuta polepole huku mimi nikisoma. Geti lilianza kusogea mshale ulipofika kilo 34. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini gia imelika. Mota inasukuma ule ukinzani wa magurudumu na reli kila unapobonyeza rimoti, na kama gurudumu limekwama, hata mota kubwa itachoka kabla ya wakati wake.

Nikamwita mchomeleaji kutoka Katwe, mtaa wa Kampala ambapo ukitaka kitu cha chuma kitengenezwe unakipata. Tulinyanyua geti kwa jeki. Gurudumu la mbele lilikuwa limekufa beringi, likiburuzwa badala ya kuzunguka, hata limechongeka upande mmoja. Alibadilisha magurudumu yote mawili, akanyoosha reli pale gari lilipoikanyagia, akasafisha kokoto na udongo, akarekebisha roli za juu zinazolizuia geti lisiyumbe. Tulipovuta tena, mizani ilisoma kilo 9. Kazi hiyo na vifaa vyake vilinigharimu shilingi 170,000, na katika safari nzima hakuna shilingi iliyofanya kazi kubwa kuliko hizo. Ndizo zilizoniruhusu kununua mota ndogo bila wasiwasi.

Sasa umeme. Mota za mageti zipo hasa za aina mbili: zinazozunguka moja kwa moja kwa umeme wa nyumbani wa volti 240, na za volti 24 zenye transfoma na betri ndani. Za volti 240 mara nyingi ni nafuu, na kwa ua wenye magari mengi na jenereta zinafaa. Lakini umeme ukikatika, au yuniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, zikiisha usiku, mtu lazima ashuke garini kwenye giza, ahangaike na ufunguo, asukume. Mimi hurudi kazini usiku, na huo ndio wakati ambao sitaki kusimama nje ya geti. Nikachagua ya volti 24, inayotumia betri mbili za volti 12 zenye uwezo wa ampea-saa 7, aina ile ile inayotumika kwenye kengele za wezi. Betri hizo zinapatikana Kampala kwa urahisi, na kwangu hilo ni muhimu kama mota yenyewe: betri hufa, kwa hiyo nataka ninayoweza kuibadilisha bila kuagiza kutoka mbali.

Reli ya meno niliibakiza. Nilipima meno kumi, kutoka ncha moja hadi ncha ya kumi na moja, nikapata milimita 126 kasoro kidogo. Hicho ndicho kipimo cha reli za kawaida, ambazo mafundi huziita moduli 4, na gia ya mota mpya ilikuwa ya moduli hiyo hiyo. Dukani walikuwa wameandika reli mpya kwenye bili. Waliifuta nilipowaonyesha kipimo.

Kwenye rimoti sikutaka kubana matumizi. Zile za msimbo usiobadilika hunakiliwa na mtu yeyote mwenye kifaa cha kunakilia, kwenye vibanda vya kuchongea funguo, kwa dakika chache. Nilidai zenye msimbo unaobadilika kila unapobonyeza. Wala sikukubali kuondoa yale macho mawili ya mwanga usioonekana yanayozuia geti lisifunge mtu akiwa katikati. Watoto wa ua huu hukimbilia mpira nje bila kuangalia. Nilichoacha ni kile kifaa cha kufungua kwa simu kupitia intaneti, na taa ya kumetameta. Mota za mitumba pia nilizipita: nyingi hazina ufunguo wala rimoti, na bodi yake huwezi kuijua historia.

Mota, betri, rimoti mbili na macho yake vilikuwa shilingi 1,250,000. Kufunga, 150,000. Nondo ya shaba ya kuingiza umeme wa radi ardhini pamoja na kifaa cha kuzuia umeme unaopanda ghafla, 130,000, na hapo nilisimama mwenyewe kuona waya unafungwa, maana radi ndiyo iliyoua ya kwanza. Tundu la kuingilia kebo tulilijaza silikoni mpaka hata sisimizi asipite. Fundi aliacha nafasi ya milimita 2 kati ya gia na reli ya meno, ili uzito wa geti usiikalie mota, kisha akachomelea kipande cha chuma kinachozuia geti lisinyanyuliwe kutoka nje, kwa kuwa wezi hulinyanyua likaachana na gia kisha wakalisukuma tu.

Ukiongeza zile 170,000 za mchomeleaji, jumla ilifika shilingi 1,700,000. Zile 100,000 zilizobaki zilinunua rimoti ya tatu, ya familia ya pili tunayoishi nayo kwenye ua huu, na chenji yake imewekwa kwa ajili ya betri zitakazofuata. Ufunguo wa kulegezea mota, mmoja uko kwangu na wa pili nimempa Afande. Naye ameniomba futi, anataka kupima geti lake.