Lile Ini la Rujewa

Tarehe 1 Septemba binti yangu alinipigia simu kutoka chuoni na, kabla hatujamaliza hata kusalimiana, akauliza, "Baba, lile ini bado unalo?" Nikamjibu kwamba lipo kabatini, ndani ya bahasha yake ya kaki, naye akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Huuliza hivyo kila mwaka siku hiyo, nami kila mwaka hubaki nimekaa nikiyapitia yaleyale.

Machi 2016 nilikwenda kupimwa tumbo tu. Mpimaji wa ultrasaundi akapitisha kifaa chake ubavuni, akarudi, akarudi tena, akaniambia nilalie upande wa kulia na nibane pumzi. Figo yangu ya kushoto ilikuwa na kifuko cha maji. Vifuko vya namna hiyo ni vya kawaida kwa watu wenye umri wangu na vingi havina neno, ila changu kilikuwa na vikuta ndani yake, kama chungwa lililokatwa. Mahali pamoja, ambapo sitapataja, niliambiwa figo nzima itolewe wiki hiyohiyo. Nikapanda basi kwenda Dar es Salaam, nikapimwa damu kuona kama figo zingeihimili dawa ya kung'arishia picha, nikalazwa kwenye mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande, nikachomwa dawa hiyo ambayo hupita mwilini kama maji ya moto na kukufanya uamini kwamba umejikojolea, kisha nikarudi Igurusi na karatasi sita nyeusi za picha pamoja na daraja langu: 2F.

Madaraja hayo ya vifuko vya figo yalianzishwa mwaka 1986 na Morton Bosniak, mtaalamu wa radiolojia wa New York. Wenye daraja la kwanza na la pili huambiwa waende zao nyumbani. La nne kwa kawaida hupelekwa kwa mpasuaji, kwa sababu vifuko vingi vya daraja hilo hukutwa na saratani, na la tatu ni kama nusu kwa nusu. Daraja la 2F liliongezwa baadaye kwa ajili ya sisi wa katikati, ambao vifuko vyetu havitishi kiasi cha kukatwa wala havitulizi kiasi cha kuachwa. Hiyo F ni ya kufuatilia: picha baada ya miezi sita, nyingine mwaka unapotimia, kisha kila mwaka hadi mitano iishe. Daktari alinieleza kwamba ukubwa peke yake hausemi mengi, kwani kifuko kinaweza kukua bila ubaya wowote. Kinachotafutwa ni vikuta vilivyonenepa, kinundu kilichoota, au sehemu inayong'aa baada ya dawa kuingia. Hayo huonekana kwa kuweka picha ya zamani kando ya mpya. "Mwalimu," akaniambia, "hizi zitunze kama cheti cha ndoa."

Nilizitunza juu ya kabati.

Kupatwa kwa jua kulitukuta tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, siku chache kabla ya safari yangu ya pili. Watu walikuwa wamemiminika Rujewa, huku kwetu Mbeya, kutoka kila upande ili kulitazama, na shule ya binti yangu, aliyekuwa darasa la tano, ikapeleka wanafunzi; nami nikafuatana nao. Ilipokaribia saa sita mchana mwanga ulififia ukawa wa jioni, lakini vivuli vyetu vilibaki vifupi vya adhuhuri, vimekusanyika miguuni, na jambo hilo lilinitisha kuliko giza lenyewe. Chini ya mti mmoja, mwanga uliopenya kwenye majani ulichora ardhini mamia ya miezi michanga. Upepo ukapoa. Miwani maalumu niliyoiona ilikuwa ikizungushwa mkono kwa mkono, haifiki kwangu. Ndipo binti yangu akanijia mbio, akanipa kipande cheusi cha plastiki cha ukubwa wa kiganja, akasema, "Baba, hiki ni chako, nilikuwekea."

Nikakiinua. Jua lilikuwa limekuwa pete kamili, nyembamba, na pembeni yake, kwa herufi ndogo nyeupe, nikasoma jina langu. Chini ya jina palikuwa na umri wangu na mwezi: Machi. Nilisoma mara mbili, kisha nikashusha mkono na kutazama uwanjani. Darasa la tano karibu zima lilikuwa limeinua nyuso, kila mtoto na kipande chake kilichokatwa kwa mkasi kwa usawa wa kusifiwa, wakilitazama jua kupitia tumbo langu. (Picha hizo hazikingi macho, na mtu asiniige; namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyedhurika.)

Pete ilidumu kama dakika tatu, na kwa dakika hizo sikuweza kumgombeza mtu. Baadaye, watoto walipokimbilia magari na vumbi likatimka, sikupata vipande vingine. Nilibaki na hicho kimoja.

Dar es Salaam daktari alikiinua kwenye taa, akakigeuza, akakirudisha mezani polepole. "Mwalimu, hili ni ini."

Picha za Machi zilikuwa zimeshafutwa kwenye mashine. Iliyobaki ni ripoti, nayo ilisema "vikuta vyembamba vichache," ilhali picha mpya ilionyesha kikuta kimoja ambacho hakikuwa chembamba sana. Kimenenepa, au ndivyo kilivyokuwa tangu mwanzo? Neno "chembamba" halina milimita. Daktari alisema tunaweza kupasua, au tunaweza kuihesabu siku ile kuwa ya kwanza. Nikachagua kuhesabu, na sijui hadi leo kama ulikuwa ujasiri au woga wa kisu. Kifuko kilipimwa sentimita 4.1, kisha 4.3, kisha 4.2, tofauti ambazo aliniambia zinaweza kutokana na mkono wa mpimaji tu. Na kile kikuta kikabaki vilevile hadi Septemba 2021, nilipoambiwa nisirudi tena.

Huwa nawaza kwamba zile karatasi sita zingenionyesha kikuta kimenenepa, nami ningepasuliwa na kutolewa figo ambayo pengine haikuwa na kosa. Halafu nawaza kinyume chake: zingeonyesha hakuna kilichobadilika, nami ningelala usingizi miaka yote ile badala ya kuhesabu miezi. Binti yangu sijawahi kumgombeza, wala sijawahi kumshukuru.

Tulipoagana nilikitoa kipande kwenye bahasha, nikakiinua dirishani. Mkasi ulipita katikati ya herufi ya mwisho ya jina langu, lakini linasomeka. Ini lenyewe, daktari aliniambia siku ile, halina tatizo lolote.