Harufu ilikuwa chini ya nyasi

Uani kwetu Buruburu pana nafasi ya mita tatu kwa nne, sakafu ya saruji, na hapo ndipo nilipotandika nyasi bandia ili watoto wacheze bila kuchubuka magoti. Mwaka wa kwanza zilinipendeza mno. Kisha tukaleta mbwa, na Januari ikaingia. Anayeijua Januari ya Nairobi anajua lile jua la saa sita. Lilipowaka, harufu ya mkojo ilitufuata hadi jikoni.

Nikazifua kama zulia la sebuleni. Nilimwaga sabuni ya unga, nikasugua kwa nguvu, nikasuuza kwa ndoo mbili tu, maana wiki hiyo mgao wa maji ulikuwa umetubana. Sabuni ikabaki kwenye nyuzi, zikawa zinanata, na vumbi la barabarani likapata pa kushika. Jirani akanishauri nitie dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Nakuomba, kama una mbwa au paka, usijaribu. Mkojo hutoa amonia, na amonia ikikutana na klorini hutokea hewa ya sumu. Macho yaliniwasha, kifua kikabana, nikawakimbiza watoto hadi nje ya lango. Baada ya siku mbili harufu ilikuwa imerudi palepale.

Aliyenisaidia ni kijana anayetunza kiwanja cha kandanda cha nyasi bandia, si mbali na kwetu. Alipofika hakushughulika na nyasi zenyewe. Alichuchumaa pembeni, akaingiza vidole chini ya ukingo, akakunja.

"Mama, hebu sogea uone."

Chini palikuwa na tope jeusi, zito, limechanganyika na nywele za mbwa na maua ya mjakaranda yaliyooza. Maua yale ya zambarau hupukutika kwa wingi mwezi wa Oktoba, na yakilowa mvua ya vuli hugandamana. Yalikuwa yameziba kitundu cha kutolea maji. Mgongo wa nyasi hizi una matundu madogo ili maji yapenye. Kwetu yalipenya, yakakosa pa kwenda. Ndoo zangu zote zilikuwa zikiulowesha upya mkojo uliokwisha kukauka pale chini.

Tulikunja nusu nzima, tukakwangua sakafu, tukazibua kitundu kwa waya, tukaacha jua liingie hadi alasiri. Kisha nikachanganya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, nikanyunyizia mgongo wa nyasi na upande wa juu, nikangoja kama dakika ishirini, nikasuuza kwa maji mengi. Siki ni asidi, nayo huikata ile amonia. Usiitie siku moja na klorini, huo nao ni mchanganyiko wa hatari. Maji niliyotumia ni ya mvua, niliyoyakinga kutoka paani kwenye pipa. Bila pipa hilo nisingeweza.

Zilipokauka akanifundisha kuchana. Nyuzi zina mlalo wake, kama manyoya ya paka, na wewe unapitisha ufagio kinyume cha mlalo huo ili zisimame. Ufagio uwe wa nailoni. Brashi ya waya huzikata. Tukarudishia mchanga mweupe wa silika, mkavu, uliooshwa, tukiunyunyiza kidogokidogo na kuchana ushuke hadi kwenye mashina. Mchanga huo ndio unaozishikilia nyuzi wima. Ule wa kujengea una vumbi na udongo, na udongo ndio utakaoziba matundu tena.

Palikuwa pia na kovu la Desemba. Kaa moja liliruka kutoka kwenye jiko tukichoma nyama, likayeyusha nyuzi zikawa kidonge kigumu cheusi, upana wa sarafu ya shilingi ishirini. Nyuzi hizi ni plastiki, hazistahimili moto hata kidogo. Nilikata kipande cha mraba kwa wembe kutoka upande wa mgongo, nikaweka kiraka cha masalio niliyokuwa nimeyahifadhi, nikahakikisha mlalo unafuatana, nikagandisha kwa utepe wa gundi chini. Leo nakitafuta kwa kupapasa.

Sasa mbwa ana kona yake, iliyo karibu na kitundu, na kila jioni napamwagia maji ndoo moja. Jumamosi nachana zote. Siki ni mara moja kwa mwezi, na miezi ya kiangazi mara mbili. Mjakaranda wa jirani ukianza kupukutika nafagia kila asubuhi, maua yakiwa bado makavu, kabla mvua haijayakuta. Na nikishamwaga maji huenda nje kutazama bomba linapotokea: nasubiri hadi yatoke meupe, ndipo naweka ndoo chini.